Kalamu Mbili Katika Daftari Moja

 

Miongoni mwa mas-ala yanayozikabili nyumba nyingi za Waislamu waliokaa Ghuba, wakafungua maduka na karakana na ofisi ndogo ndogo, ni hili la daftari la hesabu lenye kuandikwa na watu wawili. Mwenye mali huandika kila siku alichouza na alichonunua. Na mhasibu, ambaye ofisi yake iko mtaa mwingine au nchi nyingine, huja mwisho wa mwaka akasahihisha. Zamani mhasibu alikuja dukani kwa miguu yake, akaketi, akafungua daftari mbele ya mwenyewe, na akikuta asichokielewa akauliza papo hapo na kujibiwa. Leo daftari ni faili ndani ya kompyuta. Huenda kwa mhasibu na kurudi bila ya watu hao wawili kuonana uso kwa uso. Basi swali ni hili: mhasibu akibadilisha yaliyoandikwa na mwenye mali, na mabadiliko yake yakawa sahihi kwa kanuni za uhasibu, je, usahihi huo watosha? Au kuna haki ambayo usahihi peke yake hauilipi?

Wanavyuoni hawatoi hukumu ya jambo kabla ya kulisawiri, basi na lisawiriwe kwanza. Katika programu za hesabu zinazowekwa ndani ya kompyuta ya dukani, kama ile ya QuickBooks ya kampuni ya Intuit ya Marekani, mwenye mali aweza kutoa nakala maalumu ya daftari lake kwa ajili ya mhasibu, na katika kuitoa huchagua siku ya mpaka, mathalan tarehe 31 Desemba. Yaliyo nyuma ya siku hiyo huwa mikononi mwa mhasibu: yeye huyasahihisha, na mwenye mali hazuiwi kuyasoma lakini huzuiwa kuyabadilisha. Yaliyo mbele ya siku hiyo hubaki kwa mwenye mali, naye huendelea kuuza na kuandika kama kawaida yake. Mhasibu akimaliza harudishi daftari zima. Hurudisha faili dogo lenye mabadiliko tu. Mwenye mali akilifungua huonyeshwa orodha ya mabadiliko hayo, moja baada ya moja, na ipo nafasi ambayo mhasibu aweza kumwandikia maelezo. Akiyakubali, yote huingia katika daftari la asili. Na lau mwenye mali ataufuta mpaka ule katikati ya kazi, basi kazi ya mhasibu haiwezi kuingizwa tena.

Mwenye kuusoma utaratibu huu kwa jicho la Fiqhi ataona kuwa walioutengeneza, ijapokuwa hawakukusudia, wamegusa mlango mkongwe. Mtu akiuza mali ya mwenziwe bila ya kuwakilishwa, Mafakihi humwita fudhuli. Na kwa Mahanafi na Wamaliki biashara yake haipiti wala haivunjiki papo hapo, bali husimama ikimngojea mwenyewe airidhie au aikatae. Faili la mabadiliko nalo husimama vivyo hivyo likingojea ridhaa ya mwenyewe. Mhasibu bila shaka si fudhuli, kwa kuwa ameajiriwa na amepewa idhini. Lakini idhini ya nini? Hapo ndipo penye mas-ala.

Na uchukuliwe mfano, na wenye mfano wapewe majina ya Zaidi na Amri kama ilivyo ada ya vitabu vya Fiqhi. Zaidi ana duka la vipuri vya magari huko Ruwi, mjini Muscat. Dada yake yuko Unguja. Mwaka mmoja biashara ya Zaidi ilibana, na dada huyo akauza kiwanja chake, akampelekea nduguye riali 6,000 kwa makubaliano ya mdomo kwamba zitarudishwa baada ya miaka mitatu. Hawakuandikiana, kwani ndugu wa tumbo moja huona haya kuandikiana. Fedha ziliingia kwanza katika akaunti ya Zaidi mwenyewe ya benki, kisha akazitia dukani, na katika kompyuta yake akaandika kuwa ni deni la dada.

Amri, ambaye ndiye mhasibu, alipoipokea nakala aliona riali 6,000 zimetoka katika akaunti ya Zaidi na kuingia dukani. Hakuona hati ya deni wala barua. Kanuni ya kazi yake ni kwamba anachokitia mwenye duka kutoka mfukoni mwake ni mtaji, na deni lisilokuwa na hati haliachwi likae katika mizania. Basi akalihamisha kutoka upande wa madeni akalitia upande wa mtaji wa mwenye duka. Amri hakuiba wala hakudanganya, na kwa vile alivyoviona hakukosea.

Faili la mabadiliko likarudi. Ndani yake mlikuwa na mabadiliko 34. Mengi yalikuwa ya kawaida: ada za benki zilizosahauliwa, uchakavu wa gari la kupelekea mizigo, ankara iliyoingizwa mara mbili, riali 540 zilizoandikwa 450. La riali 6,000 lilikuwa la 27, na nafasi ya maelezo ilikuwa tupu. Zaidi alikuwa na wateja wanamngojea. Akaipitisha orodha mbele ya macho yake, akabonyeza kukubali.

Baada ya miaka miwili Zaidi akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu kila aliyetangulia. Aliacha mke, wana wawili na binti mmoja. Kwa kuwepo wana wa kiume dada harithi kitu. Haki yake yote imo katika lile deni, na deni hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi. Wana wakafungua daftari la baba yao kwa nia njema kabisa, wakatafuta deni la shangazi, wasilione. Wakasema, baba alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Lau angelidaiwa angeliandika. Mambo yakifika kwa Kadhi, ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na shangazi hana shahidi. Warithi wataapishwa kwamba hawajui kuwa baba yao alidaiwa, nao wataapa, na kiapo chao kitakuwa cha kweli.

Hili ndilo la kustaajabisha katika mas-ala haya, na ndilo lenye kustahiki kukaliwa na kufikiriwa. Hapana muongo hata mmoja. Dada ni mkweli, Zaidi alikuwa mkweli, Amri alifuata kanuni yake, wana wanaapa kweli, na Kadhi anahukumu kwa dhahiri kama alivyoamrishwa. Na juu ya hayo yote haki ya mtu imepotea, na marehemu amebaki na deni shingoni mwake. Imepotea wapi? Imepotea katika mstari wa 27.

Chanzo chake ni kwamba maandiko yaliyomo katika daftari la hesabu hayako namna moja, ijapokuwa kompyuta huyaonyesha kwa sura moja. Yapo yenye kueleza tu: gari limechakaa kiasi fulani, benki imekata kiasi fulani. Na yapo ambayo ni kukiri. Mtu anapoandika kwa mkono wake katika daftari lake kwamba fulani anamdai, huyo hakueleza habari ya mali. Amekiri haki ya mwenziwe juu ya nafsi yake. Na kukiri, kwa wanavyuoni wote, ni hoja nzito yenye kumshika mwenye kukiri. Mhasibu aliyekodiwa kusahihisha hesabu amepewa idhini ya kuyagusa maelezo. Idhini ya kukiri au kufuta kukiri kwa niaba ya mwingine hakupewa, wala haifahamiki kuwa imo ndani ya neno "kusahihisha".

Qur'ani Tukufu imeliweka wazi jambo hili mahali ambapo wengi hupapita mbio. Aya ya 282 ya Suratul Baqara ndiyo aya ndefu kuliko zote, na maudhui yake ni kuandika deni. Mwenyezi Mungu Mtukufu ameamrisha humo kwamba mwandishi aandike kwa uadilifu na asikatae kuandika. Na kwamba mwenye kuimlisha, yaani mwenye kutamka yatakayoandikwa, awe ni yule ambaye haki iko juu yake. Kalamu iko kwa mwandishi, lakini ulimi ni wa mdaiwa. Kisha aya ikamtaja mdaiwa asiyeweza: aliye mpumbavu au dhaifu au asiyeweza kuimlisha mwenyewe. Huyo ataimlishiwa na nani? Msomaji azingatie. Haikusemwa kwamba mwandishi, kwa kuwa ndiye mjuzi wa kuandika, atunge mwenyewe. Imesemwa kwamba walii wake ndiye ataimlisha kwa uadilifu. Udhaifu wa mwenye haki ya kusema umeihamisha haki hiyo kwa mtu wa upande wake, wala haukuihamishia kwa mwenye kalamu.

Ni kweli kwamba walii katika aya ni wa mtu mwenye upungufu wa kisharia, na Zaidi hakuwa na upungufu. Alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, ila hakuisoma vyema lugha ya mizania. Kwa hiyo hili ni kufananisha, si hukumu ya aya yenyewe. Lakini mfano wake uko karibu. Katika familia nyingi za Muscat na Dubai leo yuko binti au kijana aliyesoma biashara chuoni, na mzee wa nyumba hajui kwamba ndani ya nyumba yake mna mtu wa kuketi pamoja naye siku linaporudi faili la mabadiliko.

Watu wenye asili ya Unguja hawana haja ya kutafuta mbali ushahidi wa hatari ya daftari kukaa kwa mmoja na ulimi wa mwingine kufungwa. Katika karne ya 19 ijara ya forodha ya Unguja ilikuwa kwa miaka mingi mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wa Kihindi kutoka Kutch. Nyumba hiyo ilikusanya ushuru, ikamlipa Sultani, ikamkopesha, na ikaweka daftari la yote hayo. Sayyid Majid alipofariki mwaka 1870 na nduguye Sayyid Barghash akashika utawala, deni lililodaiwa na nyumba hiyo lilikuwa kubwa, na yeye alilipinga. Haki ilikuwa kwa nani katika kila hesabu, hilo ni la wanahistoria. Lililo wazi ni kwamba aliyedaiwa alikuta deni lake limeandikwa katika daftari la mdai wake. Na chini ya Masultani walikuwepo wenye mashamba ya mikarafuu waliokopa kwa kuweka mashamba rehani, wakatia dole katika karatasi walizosomewa au wasizosomewa, kwa lugha waliyoijua au wasiyoijua. Wako wajukuu wanaosimuliwa hadi leo.

Mhasibu wa leo si mdai, na kumlinganisha na mkopeshaji ni kumdhulumu. Yeye ni ajiri na mwaminifu wa mwenye mali. Lakini fundo ni lile lile: kutia alama ya ridhaa chini ya maandishi usiyoyajua. Lau Zaidi angelitia dole katika karatasi ya Kigujarati asiyoisoma, watu wangelimsikitikia. Amebonyeza kukubali mabadiliko 34 asiyoyasoma, na watu wanasema amerahisishiwa kazi.

Msomaji huenda akasema: mhasibu ni kama tabibu, na mgonjwa haulizwi juu ya kila tone la dawa. Na hili lina sehemu ya ukweli. Kumtaka Amri ampigie simu Zaidi kwa kila ada ya benki ni kumtaabisha mtu bila ya faida, na Zaidi mwenyewe angelichoka siku ya pili. Ankara iliyorudiwa, tarakimu zilizopinduka, stakabadhi iliyotiwa katika mafuta ya gari ilhali ni ya umeme: haya yote idhini ya kazi imekwisha kuyafunika, na yatosha kuwa yamo katika orodha. Lakini tabibu huyo huyo anapotaka kumkata mtu mguu humwambia kwanza, na humwambia kwa maneno anayoyafahamu. Palipoguswa jina la mtu mwingine, awe mdai, mshirika, mfanyakazi ambaye mshahara wake haujalipwa, au mke aliyetia dhahabu yake katika biashara, hapo pana mguu wa mtu, wala si tone la dawa.

Na hapa kuna jambo zito zaidi. Hata ridhaa ya Zaidi, lau angelisoma mstari wa 27 akaufahamu na akaukubali, isingelitosha. Deni ni haki ya dada. Mwenye kudaiwa hana uwezo wa kuligeuza deni kuwa mtaji kwa kuafikiana na mhasibu wake, kama vile wawili hawawezi kuafikiana juu ya mali ya wa tatu aliye mbali. Lililompasa Amri ni kuuliza neno moja: "Hizi riali 6,000 ni zako au za mtu?" Na Zaidi angelijibu, na Amri angelimwambia, "Basi mwandikieni hati, nami nitaliacha deni mahali pake." Swali hilo lingelichukua dakika moja.

Mafakihi waliwahi kulifikiri jambo la maandishi yanayosafiri baina ya watu wawili wenye dhamana, nao walilifikiri katika mlango wa barua ya Kadhi kwa Kadhi. Kadhi wa mji mmoja husikiliza ushahidi, kisha humwandikia Kadhi wa mji mwingine aliko mshitakiwa. Je, Kadhi wa pili aifanyie kazi barua hiyo kwa kuona muhuri tu? Wengi wa wanavyuoni hawakutosheka na muhuri. Walitaka mashahidi wawili wachukue barua, na Imamu Abu Hanifa alisisitiza isomwe mbele yao kabla ya kupigwa muhuri, ili wanapofika washuhudie yaliyomo. Abu Yusuf baadaye alilegeza, kwa sababu watu walipata taabu. Ikhtilafu yao ina faida kubwa hapa. Muhuri huthibitisha kwamba barua haikufunguliwa njiani, na neno la siri la faili nalo hufanya kazi hiyo hiyo. Lakini muhuri hauthibitishi kwamba mwenye kuibeba anayajua yaliyomo. Zaidi alilipokea faili salama, halikuguswa na mtu njiani, na alilibeba miaka miwili bila ya kujua amebeba nini.

Sasa upande wa pili, kwani si haki Amri peke yake kulaumiwa. Katika ile ile aya ya deni imekatazwa dhara katika jambo la mwandishi na shahidi, na wafasiri wamelisoma tendo hilo kwa njia mbili, kwa sababu herufi mbili za ra zimeungana ndani yake na haijulikani ya kwanza ilikuwa na irabu gani. Likisomwa njia moja, mwandishi asimdhuru mtu. Likisomwa njia ya pili, mwandishi asidhuriwe. Maana zote mbili zimesimama katika tendo moja.

Na wahasibu hudhuriwa. Yuko mwenye duka anayepokea hesabu zilizosahihishwa, zikatiwa saini, zikapelekwa serikalini. Kisha baada ya mwezi akarudi katika mwaka uliopita akaifuta ankara moja, kwa kuwa mteja hakulipa au kwa kuwa anataka kodi ipungue. Tangu kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza, Imarati tarehe 1 Januari 2018 na Oman tarehe 16 Aprili 2021, kwa kiwango cha asilimia 5 katika nchi zote mbili, daftari la duka si siri ya mwenyewe tena. Ni maelezo yanayotolewa kwa serikali. Mwenye kuyabadilisha baada ya mhasibu kuyatia saini amemfanya mwenziwe shahidi wa jambo ambalo hakulishuhudia. Na yuko anayefuta mpaka katikati ya kazi kwa sababu alitaka kurekebisha kitu kidogo cha Novemba, akapoteza siku nne za mhasibu, kisha akakataa kuzilipa akisema kazi haikufika. Kazi iliharibiwa na yeye mwenyewe, na ujira wa ajiri hauanguki kwa kosa la aliyemwajiri.

Jambo la zaka nalo lafaa kutajwa kwa ufupi, kwa kuwa wengi hukosea hapa. Mpaka wa mhasibu hufuata mwaka wa Miladi, na zaka hufuata mwaka wa Hijria, ambao ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi. Tena mhasibu huiandika bidhaa kwa bei iliyonunuliwa, au kwa bei itakayopatikana ikiwa imeshuka chini ya hiyo. Na bidhaa za biashara katika zaka hukadiriwa kwa bei ya soko siku inapowajibika. Basi mwenye kutoa zaka yake kwa kunukuu mstari wa bidhaa katika mizania iliyorudi kwa mhasibu huenda akapunguza haki ya mafakiri bila ya kukusudia, na mhasibu hana kosa, kwani hakuulizwa juu ya zaka.

Haya yote yalikuwa katika programu zenye mpaka. Lakini siku hizi maduka mengi yameliacha faili la dukani, na daftari huwekwa katika kompyuta za kampuni ya programu iliyo mbali, na mwenye mali na mhasibu huingia humo kwa intaneti na kuandika, pengine saa ile ile. Faili halisafiri tena, wala hakuna orodha ya kukubali. Mhasibu akihamisha deni kuwa mtaji, limehama. Watu wameona hilo kuwa ni nafuu, na kwa kazi ni nafuu kweli. Kwa upande wa amana, ule mlango mmoja ambapo Zaidi angeweza kusimama na kusoma umeondolewa, na asipouweka mwenyewe kwa makubaliano haupo.

Kilichobaki ni kumbukumbu ya mabadiliko, ambayo programu hizi huiweka: nani amebadilisha, siku gani, saa ngapi, kilikuwaje na kimekuwaje. Hii ni neema kubwa kwa mahakama. Lau kesi ya dada ingelifika na kumbukumbu hiyo ikafunguliwa, Kadhi angeliona kwamba andiko la kwanza, kwa jina la Zaidi, lilikuwa deni la dada, na kwamba aliyeligeuza ni Amri. Hapo shangazi angelikuwa na kitu mkononi, nacho ni dalili ya kukiri kwa marehemu mwenyewe. Lakini kumbukumbu hii ina afa moja iliyoenea sana, na haina budi kusemwa waziwazi. Wenye maduka huwapa wahasibu wao jina lao la kuingilia na neno lao la siri, ili wasilipie jina la pili au kwa uvivu tu. Basi kila anachokiandika Amri huandikwa kuwa ameandika Zaidi. Mtu asiyeweza kukubali mwenziwe atie saini kwa jina lake katika hundi, amempa mwenziwe kalamu yenye saini yake kwa mwaka mzima. Siku ya haja, kumbukumbu itafunguliwa, nayo itashuhudia kwamba Zaidi mwenyewe, kwa mkono wake, alilifuta deni la dada yake. Kila mmoja na aingie kwa jina lake. Na mwaka ukifungwa kwa neno la siri, kama programu nyingi zinavyoruhusu, basi neno hilo likae kwa mwenye mali, na mhasibu akitaka kuufungua aseme anataka kugusa nini.

Limebaki swali ambalo wahasibu huliuliza, nao wana haki ya kuliuliza. Amri husema: ujira wangu ulikuwa wa kusahihisha, na kumketisha Zaidi nikamfahamisha mabadiliko yangu ni saa mbili nyingine, nani atazilipa? Katika ijara kazi hutakiwa ijulikane tangu mwanzo, na palipokuwa na kimya hurejewa ada ya watu wa kazi hiyo. Bora ya wote wawili ni kuiandika saa hiyo katika makubaliano kabla ya kazi kuanza. Wasipoiandika, basi kumjulisha mwenye mali mabadiliko yanayogusa haki za watu ni sehemu ya kazi yenyewe, kwa kuwa bila ya hilo kazi haijakabidhiwa, na Amri hana ujira mwingine juu yake. Ama kumfundisha Zaidi kuisoma mizania nzima, hiyo ni kazi ya pili. Akiitaka ailipie, na kama mkono wake umekaza apewe muda kama wapewavyo wadaiwa wengine. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.